Mnara Uliolazwa

La, Accra
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Kaka yangu mpendwa Odartey,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa Mama, na kutoka kwa kila anayekaa kwenye ua huu na bado analitaja jina lako. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, umekula, na kifua hakikusumbui, maana kifua chako hakikuwa na adabu hata ulipokuwa hapa kwenye joto. Sisi hatujambo. Mama magoti yake ni yale yale, lakini anakwenda kanisani na kurudi kwa miguu, akigombana njia nzima na madereva wanaompigia honi. Mimi shule inanipeleka mbio. Darasa langu la fizikia limefika kwenye sura ya atomu, na haipiti wiki bila mtoto mmoja kuniuliza kama ni kweli baba yangu alikuwa akificha bomu chini ya kitanda.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nimeandika kwa sababu simu hupokei. Tangu tumpoteze Baba umetujibu mara moja tu, kwa ile picha ya mnara na maneno machache: mtengenezeeni jeneza la namna hii, msinisubiri, mtambo hauwezi kuachwa. Ujumbe wa simu mtu anausoma na kuufuta. Barua itakaa mezani pako ikikutazama. Ameibeba binamu yetu Kotey, anayerudi Antwerp wiki hii, na nimemwambia akupe mkononi, asithubutu kuiacha kwa jirani.

Maziko ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Wazee wa ukoo wamekwisha kaa na kukubaliana, jambo ambalo lenyewe ni muujiza. Kitambaa cha familia ni cheupe na cheusi, kwa kuwa Baba amekula chumvi nyingi na haifai kumlilia kwa nyekundu kama aliyekatwa njiani. Kanisa limesema jeneza la kuchongwa halitaingia ndani, litasubiri uani, na Baba mdogo Kpakpo amewajibu kwamba hata Baba mwenyewe alikuwa akipenda kukaa uani. Basi hapo hapakuwa na ugomvi.

Ugomvi ulianzia kwenye jeneza lenyewe. Tulikwenda Teshie mimi na Baba mdogo, kwa Fundi Sowah, yule aliyemchongea mama yake Ayele jeneza la umbo la kitunguu kikubwa cha rangi ya zambarau alipofariki baada ya kuuza vitunguu maisha yake yote. Nikamwonyesha picha yako. Akaigeuza huku na huku, akauliza marehemu alikuwa nani. Baba mdogo akatoa kifua mbele na kusema alikuwa mtu wa atomu, Kwabenya, tangu kinu kile cha nyuklia kilipowashwa mara ya kwanza. Fundi akasema ahaa, basi leo amempata wa kumuuliza: kama sisi ni watu wa atomu, mbona umeme wa Teshie unakatika kila siku? Unakumbuka Baba aliulizwa swali hilo hadi kwenye harusi ya ndoa yako ya kwanza, ile iliyovunjika. Nikamjibu kama yeye alivyokuwa akijibu, kwamba kinu cha Kwabenya hakijawahi kuwasha hata taa moja, ni kidogo mno, kazi yake ni kupima kakao na udongo na maji kujua vimebeba nini.

Fundi akasema yeye hachongi kazi asiyoielewa. Kitunguu anakijua, kiatu anakijua, ndege ya abiria aliwahi kuiona ikipita juu. Akanivutia gogo nikae, akasema, “Naa, nieleze mzee alikuwa akifanya nini humo ndani. Ila usinifundishe kama wanafunzi wako. Nieleze kama unanituma sokoni.”

Nikajaribu. Nikamwambia kila kitu, hata msumeno wake, kimejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, na katikati ya kila chembe kuna kiini. Kiini cha urani ni kizito, kimeshiba kupita kiasi, kama mtu aliyekula donge la komi na samaki halafu akaongezwa nyingine kwa heshima. Ukikitupia kipande kidogo kiitwacho nyutroni, kinayumba, kinapasuka mara mbili, na hivyo vipande viwili vinakimbiana kwa mbio za ajabu. Mbio hizo zikigonga vilivyo jirani ndizo joto. Na katika kupasuka huko zinatoka nyutroni nyingine mbili tatu, zinakwenda kupasua viini vingine, navyo vinatoa nyingine. Baba kazi yake ilikuwa kuangalia ugomvi huo usizidi wala usizimike. Kuna fimbo inayomeza nyutroni. Ikishushwa, mambo yanatulia, ikipandishwa, yanaendelea.

Fundi akauliza hiyo nguvu yenyewe inatoka wapi, maana kitu hakitoki hewani. Nikamwambia vile vipande vyote ukivipima pamoja vina uzito pungufu kidogo kuliko kiini cha mwanzo. Akapiga paja. Hilo analijua, akasema, ubao ukiupasua nao unapungua, uzito umekwenda kwenye unga wa msumeno. Nikamwambia amegusa penyewe, ila kwa atomu hata ufagie karakana nzima huupati unga huo. Uzito ule umegeuka nguvu.

Hapo Baba mdogo, unamjua asivyopenda kukaa nje ya mazungumzo, akasema ndiyo, ndivyo hata jua linavyofanya. Ikanibidi nimkatalie mbele za watu. Jua halipasui, jua linaunganisha. Linachukua viini vyepesi vya haidrojeni na kuvibana pamoja mpaka vinakuwa kiini kimoja kikubwa zaidi, na hicho nacho uzito wake ni pungufu ya ule wa vile vilivyokizaa, na upungufu huo ndio mwanga unaotuchoma hapa. Fundi Sowah akaweka penseli chini akanitazama. “Ukipasua, unapungua. Ukiunganisha, unapungua. Naa, hapo kuna mtu anaiba.”

Baba mdogo alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Nami nilicheka, Kaka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikamweleza kwamba vile vizito mno vinapata nafuu vikigawanyika, vile vyepesi mno vinapata nafuu vikiungana, na vyote vinaelekea katikati, kwenye chuma na jamaa zake, ambako hupati faida upasue au uunge. Akatikisa kichwa akasema hayo si ya atomu, hayo ni ya Teshie. Kuna nyumba haina amani mpaka ndugu wagawane vyumba, na kuna mtu hana raha mpaka apate wa kukaa naye. Kisha akauliza, kama kuunganisha ni kutamu hivyo, kwa nini hatukujenga jua dogo Kwabenya?

Nikamjibu kwa maneno ya Baba, kwa kuwa sina mengine yaliyo bora. Alikuwa akisema viini vyote vimebeba chaji ya aina moja, kwa hiyo vinasukumana. Unavileta pamoja, vinakataa, unavisogeza tena, vinakataa zaidi. Lazima viwe na joto kali na kasi kubwa, na wataalamu wa dunia nzima wanahangaika na jambo hilo mpaka leo. Lakini vikishakaribiana kabisa, ile nguvu ya kusukumana inashindwa na nyingine iliyo kubwa kuliko yenyewe, na vinashikana bila kuambiwa. Shida yote, Baba alikuwa akisema, ni kipande cha mwisho cha njia.

Fundi akaichukua tena picha yako. “Sawa. Sasa huu mnara uko wapi katika hayo yote?”

Baba mdogo akamjibu kwa niaba yangu, kwa fahari, kwamba huo ni mnara wa kijana wetu Mhandisi, Ubelgiji, ndimo anamopasulia. Fundi akachukua vipimo. Mimi nilimshikia ncha ya futi.

Tuliporudi kuuona, kazi ilikuwa imekwisha, na ni kazi nzuri, sitamnyima sifa yake. Ameuweka ule wembamba wa katikati vizuri, ameupaka rangi ya saruji, na mdomoni ameshona kitambaa cheupe kuwa mvuke, kwa kuwa mvuke wa mbao ungevunjika wakati wa kubeba. Ila Kaka, mnara husimama, na maiti hulala. Ukishaulaza, wenye kiuno chembamba katikati na midomo mipana huku na huku, unajua unafanana na nini. Shangazi Amerley aliingia karakana, akauzunguka mara moja, akashika kiuno. “Kpakpo, hebu niambie. Kaka yangu alikuwa mpiga ngoma lini?”

Na kweli ni ngoma. Ni ile ngoma inayobanwa kwapani, imekuzwa tu. Watu wote wa karakana walikuwa wameliona jambo hilo na wote walikuwa wameogopa kulisema. Baba mdogo akamwambia Shangazi kwamba hajui sayansi. Shangazi akamjibu kwamba yeye anajua ngoma, na kwamba siku ya maziko vijana wa La wataanza kucheza kabla mchungaji hajafungua kitabu.

Siku hiyo alikuwapo pia Dokta Fosu, aliyefanya kazi na Baba tangu ujana wao. Yeye ni mtu wa upole, hakucheka. Akasema tu kwamba Kwabenya hatuna mnara wa namna hii, hatujapata kuwa nao. Kinu chetu kimelala ndani ya maji, na moyo wake wote unaweza kutumbukia kwenye sufuria ya kupikia banku. Akasema angemchongea rafiki yake sufuria hiyo, na chini yake ule mwanga wa buluu unaong'aa majini kinu kikiwaka. Fundi akasema akipewa siku chache anaweza kuubomoa mnara na kutengeneza sufuria. Kisha Dokta akanigeukia mimi, akauliza unafika siku gani. Wenzake wote wa zamani wanakusubiri kwa hamu, akasema, wamekuwekea kiti katikati yao, kwa kuwa miongoni mwa watoto wao wote ni wewe peke yako uliyekwenda kufanya kazi kwenye kinu kikubwa.

Nilimjibu kwamba bado unaomba ruhusa. Shangazi Amerley akadakia, “Atomu gani hiyo isiyompa mtu ruhusa amzike baba yake?” Na wazee wa ukoo wamesema kwa kituo kwamba mkono wa kwanza kushika jeneza ni wa mtoto wa kwanza wa kiume. Usipokuja watampa mtoto wa Shangazi, kijana mzuri, ila Baba alikuwa akimsahau jina.

Sasa Kaka, keti. Kama umesimama mlangoni, ingia ndani ufunge mlango, halafu endelea kusoma.

Unakumbuka ile simu ya Krismasi, mwaka ule ulipotuma picha umesimama, mnara nyuma yako, umevaa koti la njano? Baba aliweka sauti ya simu juu ili sote tusikie. Mimi nilikuwa nimekaa chini pale barazani namenya viazi vikuu. Ulimwambia kwamba ule mnara ndio kinu chenyewe, humo ndani ndimo mnamopasulia atomu, na ule moshi unaotoka juu ni atomu zinazoungua. Baba aliisogeza simu karibu. Halafu akakuuliza taratibu, kinu chenu mnakizima lini kubadilisha fueli? Ukamjibu kwamba hamzimi hata siku moja, mnaongezea tu kwa juu. Kama jiko la mkaa, Kaka, wakati vinu vya namna hiyo haviongezwi fueli bila kuzimwa. Mimi niliinamisha kichwa kwenye viazi. Baba akasema, “Vizuri mwanangu. Angalia tu usiungue.” Mkazungumza habari za mpira mpaka salio lako likaisha.

Alipoweka simu chini hakuniangalia. Nilidhani amekasirika, na nilikaa na hofu hiyo siku nzima. Jioni akaniita nimtilie chai, akasema kana kwamba anaendelea na mazungumzo tuliyoanza zamani, kwamba katika mnara ule hapapasuki hata atomu moja. Kinu huwa pembeni, kwenye jengo fupi ambalo hakuna anayelipiga picha. Mnara ni wa kupozea maji tu. Maji yaliyokwisha kufanya kazi yanapandishwa humo yakiwa moto, yanadondoka kama mvua, yanapumua, na ule tunaouita moshi ni pumzi yake. Kisha akasema, “Mwanangu amejiegemeza mahali maji yanapopumzika. Labda naye amechoka.”

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia kwamba anajua. Nilikuwa na hasira, Kaka, sikufichi. Nilitaka akugombeze kama alivyokuwa akinigombeza mimi nikikosea hesabu. Akanijibu, “Nikimwambia, ataona haya. Akiona haya, hatapiga simu. Mimi sikai hapa kusubiri ripoti ya mtambo. Nasubiri sauti yake.”

Tangu siku hiyo aliitandaza picha yako kwa kila mgeni. Watu wa kanisani, fundi bomba, hata Dokta Fosu mwenyewe. Alikuwa akisema “mwanangu huyu,” na kuishia hapo. Nilikuja kugundua baadaye kwamba hakuwahi kusema “mhandisi.” Neno hilo walilisema wengine, Baba mdogo zaidi ya wote, naye Baba aliwaacha waseme. Na siku ya mwisho aliyokuwa na nguvu za kuzungumza aliniuliza kama umepiga. Nilimwambia ndiyo. Hukuwa umepiga, na naona bora ulijue hilo kutoka kwangu.

Masomo yalikuharibikia wapi, au karatasi za kuishi huko, au moyo, sijui. Kazi yako yenyewe sijui ni ipi, wala Baba hakutaka kujua, na mimi sikuulizi kwenye barua. Mama hajui lolote, na kama kuna wa kumwambia ni wewe, siku unayotaka, ukiwa umekaa karibu naye anakupakulia chakula. Ila najua hukatazwi na mtambo wowote. Unaogopa kile kiti walichokuwekea wazee wa Kwabenya.

Basi sikiliza nilivyofanya. Matangazo ya msiba yalikuwa tayari kwa mpiga chapa, yale ya kubandika ukutani, na Baba mdogo alikuwa ameandika majina ya watoto kwa madaha yake: Mhandisi Odartey, Ubelgiji, Mwalimu Odarkor, Accra. Nilikwenda peke yangu nikafuta. Sasa yamebandikwa La nzima na yanasema tu: Watoto, Odartey na Odarkor. Baba mdogo hasemi nami tangu Alhamisi. Kisha nilikwenda nyumbani kwa Dokta Fosu, nikamwambia ukifika, asikuulize habari za kinu, akuulize habari za Baba. Akasema na yeye aliiona picha ile, na yeye ameendesha kinu karibu maisha yake yote, na kile kiti wamekuwekea katikati yao kwa sababu wewe ni mtoto wa rafiki yao. Wanajua, Kaka. Wamejua siku zote, na bado wanakusubiri.

Jana nilirudi Teshie. Fundi Sowah alikuwa na shoka mkononi, akaniuliza aanze kubomoa, atengeneze ile sufuria ya Dokta? Sufuria ndiyo ukweli, mimi mwalimu wa fizikia nalijua hilo. Nikamwambia aache mnara ulivyo. Baba alikaa miaka yake ya mwisho akiutazama, na si kwa ajili ya mnara. Watu wakitaka kucheza, na wacheze. Nami nitamwambia anayeuliza kwamba humo ndani hakuna moto, ni mahali pa kupumzikia.

Nakulaumu kidogo, nakupenda sana, na sitaki kuvichanganya. Umekaa mbali mpaka kila simu imekuwa ya kusukumana. Ndege ni kipande kirefu cha njia, lakini kigumu ni kile kifupi, kutoka kwenye lango letu hadi barazani. Nitakuwa langoni. Tutapita wote.

Mama anakusalimu na anasema ulete koti, usiku kuna upepo. Shangazi Amerley anakusalimu kwa maneno ambayo sitayaandika. Mshukuru Kotey kwa kazi ya kubeba barua hii, na wasalimie rafiki zako huko, na unaofanya nao kazi, kazi yoyote ile. Mungu akulinde njiani.

Fundi Sowah ameuliza mtoto wa marehemu atashika upande gani, ili aweke mpini imara hapo. Nimemwambia upande wa kichwa. Ameshapigilia.

Ni mimi mdogo wako,
Naa Odarkor